Diablo ndani ya brauza kwenye OpenBSD: kisa cha laptop za Nsambya

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna kituo kimoja cha vijana pale Nsambya, Kampala, kina laptop za zamani, ThinkPad zile nyeusi za RAM gigabaiti nne, na zote zinaendesha OpenBSD, mfumo endeshi kama zilivyo Windows na Linux ila unaotanguliza usalama. Vijana wa hapo, wengi ni wa kutoka upande wa Bunia na Goma, wakubwa tu, wengine wako chuo, wanataka Jumamosi wacheze gemu ya Diablo, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1996. CD ipo, ya halali, mmoja wao kaachiwa na mjomba wake. Wanataka kuichezea ndani ya brauza, na haiendi. Kwenye brauza moja ukurasa unafunguka halafu hakuna kinachotokea, kwenye nyingine inafika mbali kidogo halafu ukurasa wote unakufa.

Kabla hujauliza kwa nini OpenBSD, jibu ni fundi aliyeziweka. Jamaa ni mtu wa firewall, aliona flash za mtaani zinavyoleta virusi kwenye mashine za Windows kila wiki akasema basi, hapa hakuna tena. Mwenyewe siku hizi yuko Mbarara, nilimpigia akanifungulia akaunti kwa ssh, ya kuingilia kutoka mbali, na ruhusa ya doas, ya kuamuru kama msimamizi, akasema, "Kaka, fanya unachotaka ila pf.conf usiniguse," yaani faili ya sheria za firewall yake. Halafu kuna sheria ya Mama anayeongoza kituo: hakuna programu mpya kuwekwa kwenye mashine. Ukitaka kitu kipite kwenye brauza sawa, kuinstoli hapana. Ndio maana tuko kwenye brauza na sio kwingine, na hilo nitalirudia mbele kwa sababu njia fupi ilikuwepo.

Na ile CD yenyewe ukiitumbukiza haina msaada, ndani kuna exe ya Windows 95. OpenBSD haina Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows kwenye mifumo mingine, na ule uwezo wake wa zamani wa kuendesha programu za Linux ulitolewa kwenye toleo 6.0 mwaka 2016, waliona ni mzigo wa kodi (maandishi ya programu, sio ya serikali) ambayo hakuna anayeitunza vizuri. Huo ndio mradi wenyewe ulivyo tangu Theo de Raadt aanze nao 1995 baada ya kutoka NetBSD, mfumo ndugu yake, kitu kikiwa na mashaka kinakatwa.

Sasa, vijana walikuwa na hoja yao na ilikuwa na akili. Walisema brauza ni brauza, kama inaenda kwenye Windows ya jirani itaenda na hapa, ukurasa ni uleule. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na ukweli wake ni wa juzijuzi tu. Zamani gemu kubwa ndani ya brauza ilikuwa na maana ya plagini, yaani kodi iliyokompailiwa kwa mfumo fulani ikajificha ndani ya ukurasa. Quake Live ndio mfano mkubwa, ilifunguliwa kwa watu 2009, mwanzoni Windows peke yake, Linux na Mac zikafuata Agosti mwaka huohuo, na watu wa FreeBSD, mfumo mwingine ndugu wa OpenBSD, ikabidi wawashe Firefox ya Linux juu ya tabaka la kuigiza Linux ndio waingie kwenye gemu. Ilionekana iko kwenye ukurasa wa wavuti, kumbe ilikuwa programu ya kawaida imevaa koti. Chrome waliziua plagini hizo za NPAPI mwaka 2015 na Firefox 2017, Flash nayo ikazikwa mwisho wa 2020, na mahali pake pakaja WebAssembly, ambayo mwisho wa 2017 ilikuwa kwenye brauza zote nne kubwa. WebAssembly haijali mfumo. Unakompaili kodi ya C mara moja, brauza yoyote inaisoma.

Lakini brauza yenyewe inajali mfumo, na hapo ndipo vijana walipoachia nusu nyingine ya ukweli. Firefox unayoipata kwenye OpenBSD kuna mtu kakaa akaihamishia pale, akaifunga kwa sheria za pale, na hizo sheria ndizo zilizotuzuia, karibu zote. Gemu haikuwa na kosa, kadi ya graphics haikuwa na kosa. Nasema hivi mapema kwa sababu kila aliyepita mezani pale alianza na "hiyo kadi ya Intel ni dhaifu, kaka". Diablo ilichorwa kwa pikseli 640 kwa 480 na rangi 256, ilitakiwa kwenda kwenye Pentium ya 60 MHz. Ukitaka kuilaumu kadi kwa hiyo kazi basi ni uonevu.

Twende kwenye namna inavyoingia kwenye brauza, maana bila hiyo yanayofuata hayaeleweki. Mwaka 2018 ulitoka mradi unaitwa Devilution, watu waliirudisha kodi ya Diablo kutoka kwenye programu iliyokwisha kompailiwa, mstari kwa mstari, na walisaidiwa sana na faili ya majina ya ndani iliyosahaulika kwenye toleo la PlayStation la Japani pamoja na taarifa za kidebagi, za kusakia makosa, zilizobaki kwenye toleo la PC. Mwaka uliofuata mtu mwingine akaichukua hiyo kodi akaikompaili kuwa WebAssembly, ukafungua ukurasa ukacheza. Ila kodi ni injini tu. Picha, sauti, sinema, ramani za msikiti... samahani, za kanisa la Tristram, kijiji cha kwenye gemu, vyote viko kwenye faili moja kubwa inayoitwa DIABDAT.MPQ, iko kwenye CD, ni mali ya Blizzard, kampuni yenye gemu, na ukurasa hauna ruhusa ya kukupa. Unaileta wewe mwenyewe, ukurasa unakuomba uichague kwenye mashine yako. Ukikosa kuna shareware, ile ya kuonja, hiyo unapewa bure lakini inaishia njiani, huwezi kushuka chini kabisa. Asiye na CD, GOG, duka la gemu la mtandaoni, wanaiuza tangu Machi 2019 na ndani yake kuna faili hiyohiyo.

DIABDAT.MPQ ina megabaiti kama 517. Weka hiyo namba akilini.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kwenye Chromium, na ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote. Unafungua ukurasa, unabofya kucheza, kimya. Nikafungua konsoli ya brauza, mstari mwekundu mmoja, WebAssembly is not defined. Yaani sio kwamba imeshindwa kuendesha, ni kwamba haijui kabisa kuna kitu kama hicho duniani. Kwenye OpenBSD hii ni makusudi: skripti inayowasha Chromium inaizima WebAssembly isipokuwa mtu ameweka ENABLE_WASM=1 kwenye mazingira yake kabla ya kuwasha. Ukiandika hivyo kwenye terminali inaamka. Sikuiacha imewashwa. Watu wanaopika hiyo paketi wameona ni mlango mkubwa wa kuingilia na kwenye mashine za kituo ambapo kila mtu anafungua kila kitu naona wana hoja, na isitoshe Firefox ya palepale inayo WebAssembly bila kuulizwa. Kwa hiyo Chromium tukaiweka pembeni.

Firefox ndio ilikuwa na mambo.

Ukurasa ukafunguka vizuri, ukaomba faili, kijana akabofya kuchagua, dirisha la kuchagua likatokea. CD ilishanakiliwa kwenye flash kwa mashine nyingine yenye mlango wa CD, na flash nilikuwa nimeshaiunga, maana OpenBSD haiungi yenyewe, unaandika mount -t msdos /dev/sd1i /mnt na kwa kawaida flash ya duka huwa inakaa kwenye herufi i. Kwenye terminali ukiandika ls /mnt faili unaiona pale, megabaiti zake zote. Kwenye dirisha la Firefox folda hiyohiyo haina kitu. Kijana akasema flash imekufa. Mwingine akasema Firefox ina virusi, nikacheka maana mfumo mzima uliwekwa kwa sababu ya hofu ya virusi.

Ile ni unveil. Ni kitu kilichokuja na OpenBSD 6.4 mwaka 2018, programu inauambia mfumo "mimi nitahitaji njia hizi na hizi tu", na kuanzia hapo njia zingine kwake hazipo. Hazijakatazwa, hazipo, ukiuliza unajibiwa hakuna faili kama hiyo. Ni kama askari wa geti ambaye hamwambii mgeni "huruhusiwi chumbani", anamwambia nyumba hii ina sebule tu. Firefox na Chromium zote kwenye OpenBSD zimefungwa hivyo, na kwenye folda za mtumiaji sehemu yao ni ~/Downloads. Ukurasa mbaya ukifanikiwa kuteka brauza hauwezi kusoma funguo zako za ssh wala barua zako, na kwa hilo nawapongeza. Lakini mtu asiyejua anaona folda tupu na hakuna ujumbe wowote wa kumweleza, na hapo ndipo watu wanaanza kuformati flash nzima.

Orodha yenyewe inakaa /etc/firefox/unveil.main na unaweza kuongeza mstari wa /mnt ukitaka. Mi sikuongeza. Flash za vijana zina picha zao, CV, barua za ofisi ya wakimbizi, kuna sababu gani brauza ione vyote hivyo kwa ajili ya gemu? Tuliipeleka faili kwenye Downloads tukaendelea.

Ila akaunti ziko nyingi, kila kijana na yake, na kunakili megabaiti 517 kwenye kila Downloads kwenye diski ndogo za namna ile ni ujinga. Symlink, yaani kiungo kinachoelekeza kwenye faili iliyo kwingine, haifanyi kazi, hilo lijue mapema, kwa sababu unveil inafuata kiungo mpaka mwisho wake na mwisho wake uko nje ya Downloads, kwa hiyo unarudi kwenye "hakuna faili". Hard link inafanya kazi, kwa kuwa akaunti zote ziko kwenye patisheni moja ya /home na hard link haina "mwisho" kwingine, ni faili hiyohiyo yenye jina la pili. Faili moja ya root, yaani ya msimamizi, chmod 444 ili wote wasome na asiwepo wa kuiharibu, halafu ln kwenda kwenye Downloads ya kila mmoja. Diski inahesabu mara moja tu.

Sasa kikwazo chenye nyama. Faili inaonekana, kijana anaichagua, mstari wa kupakia unaenda, unaenda, halafu Firefox inatoa ile sura yake ya huzuni ya kusema ukurasa umekufa. Kila mashine, akaunti yoyote, matokeo ni yaleyale. Isipokuwa moja. Mama wa kituo, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu anatazama ile picha ya jalada la CD kwa jicho la wasiwasi, "Fundi, ssebo, hii kitu si ya mashetani?", nikamwomba aingie kwa akaunti yake tujaribu, na kwenye akaunti yake gemu ikafunguka. Muziki wa kijijini ukalia. Mashine ileile, Firefox ileile, faili ileile kabisa kwa sababu ni hard link. Vijana walipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kwenye uchunguzi wa namna hii hakuna zawadi kubwa kama hiyo, akaunti mbili kwenye mashine moja, moja inaenda moja haiendi, maana imeshaondoa vifaa, imeondoa brauza, imeondoa faili, kinachobaki ni mtumiaji. Nikaandika ulimit -d, amri ya kuonyesha kikomo cha memori, kwenye akaunti zote mbili. Ya kijana ikatoa 1572864, hizo ni kilobaiti, sawa na megabaiti 1536. Ya Mama ilikuwa juu zaidi, kwa sababu fundi alishawahi kumwongezea wakati lahajedwali zake za wafadhili zilipokuwa zinaiua LibreOffice.

OpenBSD inampa kila mtumiaji darasa, login class, liko kwenye /etc/login.conf, na darasa linasema processi moja inaruhusiwa kushika memori kiasi gani. Kwenye Linux nyingi hicho kipimo kipo lakini kimeachwa wazi, programu inakula mpaka RAM iishe. Hapa akaunti za kawaida ziko darasa la default na dari lake lilikuwa hiyo 1536M, haijalishi mashine ina RAM ngapi. Na huwezi kujipandishia mwenyewe kupita dari la darasa lako.

Utasema gigabaiti moja na nusu kwa gemu ya 1996 si inatosha na kubaki? Hapa ndipo panapochekesha. Diablo ya asili ilitaka RAM ya megabaiti nane. Nane! Iliwezekana kwa sababu ilikuwa haibebi faili yote, ilikuwa inasoma vipande kutoka kwenye CD kila ukishuka ngazi, ndio maana ile CD ilikuwa inalia wakati wote. Ukurasa wa wavuti hauko hivyo. Unaposema "chagua faili" ukurasa huu unaibeba MPQ yote kwenye memori, megabaiti 517 kwa mkupuo, na brauza ikihamisha kitu kutoka sehemu moja kwenda nyingine mara nyingi inapita kipindi ambapo kuna nakala mbili. Nakala mbili tu umeshagusa gigabaiti moja. Ongeza injini, ongeza Firefox yenyewe ilivyo na njaa, unafika darini, mfumo unakataa kutoa zaidi, processi inakufa. Haukuwa ubovu. Ilikuwa hesabu.

Kutibu kuna njia mbili na watu wengi wanarukia ya pili. Ya pili ni kuandika infinity kwenye login.conf na kwenda nyumbani. Kwenye mashine ya gigabaiti nne inayotumiwa na vijana wanaofungua kurasa kumi kwa pamoja sipendi hiyo kabisa, dari lile ndilo linalofanya ukurasa mmoja ufe badala ya laptop nzima kuganda na kazi ya mtu kupotea. Nilianza na kupunguza faili. Ukurasa wenyewe una kifaa cha kubana MPQ, unaipa faili lako nayo inageuza sauti kuwa MP3 na kubana vizuri zaidi vingine vyote, inatoka karibu nusu ya ukubwa. Kazi ya kubana ina njaa kuliko hata kucheza kwa hiyo niliifanya dukani kwangu kwenye mashine ya Linux yenye RAM ya kutosha. Nikarudi na faili ndogo, nikabadilisha ile ya zamani, na kwa dari lilelile la 1536M gemu ikafunguka kwenye akaunti ya kijana.

Ilibaki kero moja: ukiurefresh ukurasa katikati ya mchezo, memori ya zamani inakuwa bado haijaachiwa na mpya inadaiwa, mara nyingine unarudi kwenye kifo. Hapo ndipo nikagusa login.conf, nikaongeza darasa jipya la vijana lenye datasize-cur na datasize-max ya 2048M na mengine yote likayarithi kwa tc=default, nikawahamishia kwa usermod -L vijana, wakatoka na kuingia upya maana darasa linasomwa wakati wa kulogin tu. Kama kwako kuna /etc/login.conf.db itabidi upige cap_mkdb kwanza la sivyo mabadiliko hayaonekani. Baada ya hapo hakuna kilichokufa tena.

Nilisema kulikuwa na njia fupi. Ipo, inaitwa DevilutionX, ni kodi ileile ya Devilution imetengenezwa kuwa programu ya kawaida inayokwenda kwenye mifumo mingi, na kwenye OpenBSD ipo kwenye paketi, pkg_add devilutionx, unaweka MPQ mahali pake unacheza, inasoma faili vipande vipande kama ya zamani kwa hiyo habari ya dari haipo. Ingekuwa mashine yangu ningefanya hivyo na nisingeandika haya yote. Nilimweleza Mama, akasema, "Mwanangu, leo nikikubali hiyo moja, kesho wataniletea ishirini." Sikuwa na jibu la hapo, na kusema kweli anawajua vijana wake kuliko mimi. Mtu wa Haiku, mfumo mwingine mdogo, ndio kabisa ningemwambia asihangaike na brauza, DevilutionX iko HaikuDepot, duka lake la programu, na kwa kuwa gemu haihitaji 3D, kukosa uharakishaji wa kadi kwenye Haiku hakumgusi. FreeBSD nayo ni hadithi nyingine, hakuna unveil pale, kwa hiyo kile kikwazo cha folda tupu asingekikuta.

Kulikuwa na suala la bando. Mama aliposikia "megabaiti mia tano" alidhani zinapanda mtandaoni, na kwa bei za data hapa Uganda, kodi ya serikali ya asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021 na VAT bado inakusubiri, ana haki ya kushtuka. Faili haitoki kwenye mashine. Kuichagua kwenye ukurasa ni kuipa brauza iliyo palepale, hakuna anayeipokea ng'ambo. Kinachotumia data ni ukurasa na injini, na hiyo inapakuliwa upya kila brauza ikifuta kache, kwa laptop zote, kila Jumamosi. Kodi ya mradi iko wazi GitHub, nikaijenga dukani, nikaweka matokeo kwenye /var/www/htdocs ya laptop moja na kuwasha httpd ya OpenBSD, programu ya kugawa kurasa za wavuti, inakuja na mfumo wenyewe kwa hiyo hata sheria ya Mama haikuvunjika. Ikabaki kwamba laptop zingine haziifikii, pf ya fundi inazuia chochote kinachoingia. Nikampigia Mbarara. Akaguna, akauliza maswali mengi kuliko ofisi ya viza, halafu akaingia kwa ssh akaongeza mstari wake mwenyewe wa kuruhusu mlango wa 80 kutoka kwenye mtandao wa ndani tu. Sasa gemu inachezwa hata kama bando limeisha.

Kuhamia kwenye anwani ya ndani kulileta malalamiko siku hiyohiyo: wapiganaji waliosevu wamepotea. Hawakupotea. Gemu ya brauza inasevu kwenye IndexedDB, hifadhi ya ndani ya brauza, na hifadhi hiyo imefungwa kwa anwani ya ukurasa, ukurasa wa mtandaoni na ukurasa wa 192.168 kwa brauza ni watu wawili wasiojuana hata kama kodi ni ileile herufi kwa herufi. Unarudi kwenye anwani ya zamani, unafungua sehemu ya kusimamia sevu, unapakua faili zako za .sv, zinaingia Downloads, halafu unazipa ukurasa mpya. Ni faili ndogo sana. Nikawaambia wazoee kuzipakua kila wakimaliza kucheza, kwa sababu mtu akifuta data za Firefox ili kupata nafasi, na kwenye diski zile watafuta, mpiganaji wa miezi anaondoka pamoja na kuki.

Kwa atakayezitunza hizo mashine, OpenBSD inatoa toleo jipya kila miezi sita, na ukishapiga sysupgrade, amri ya kupandisha toleo, sysmerge inayounganisha faili za mipangilio inaweza kukuuliza kuhusu /etc/login.conf kwa sababu imebadilishwa. Usibonyeze i kwa haraka, hiyo inaweka faili mpya juu ya yako na darasa la vijana linafutika. Chagua m uunganishe, mistari ya darasa ibaki upande wako.